Meseji Mbili, Simu Moja

Zahanati, Mbaha
8 Februari 2004

Baba yangu Isidori,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuita baba kama siku zote, maana umebeba jina la marehemu baba yangu. Siku nitakayokuita Isidori tupu, ujue nimekukasirikia.

Mvua imeshika huku. Muhogo unaozea shambani na dagaa wetu, usipa, hawaanikiki, wananuka mpaka kanisani. Mwili wangu mzima. Moyo ndio hautulii, na sababu yake nakueleza hivi sasa.

Wametuletea simu hapa zahanati. Sisi wahudumu tuliitwa semina Mbinga, tukafundishwa kuandika meseji ya kuita gari la wagonjwa lishuke kutoka hospitali ya mlimani. Mwalimu akasema mashine inayopokea meseji hizo imetengenezwa Dar es Salaam, na kampuni ndogo ya watu binafsi, akataja majina ya vijana walioitengeneza. Niliposikia lako nikasimama. Nikasema, "Huyo ni mtoto wa kaka yangu, nimemlea mimi." Mganga mmoja wa Litembo akajibu kutoka nyuma, "Basi mama, mwambie atutengenezee na barabara." Watu wakacheka sana.

Mimi nilicheka nusu. Unajua yaliyompata binti yangu Luisa mwaka juzi. Tulituma mtu kwa miguu apande mlima kuita gari, na gari lilipofika mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Sasa ana mimba tena, inaangukia Pasaka. Mume wake yuko Songea kwenye kibarua, kwa hiyo yuko kwangu.

Niambie bila kunipamba, baba. Saa yake ikifika nikaandika ile meseji, itafika? Nani yumo ndani ya mashine, anayeisoma na kusema hii iende kwa dereva na hii iende stoo ya dawa? Mimi elimu yangu ni darasa la saba na kozi fupi ya uuguzi. Nieleze kama unavyomweleza mtu aliye jikoni, mkono mmoja kwenye mwiko.

Shangazi yako,
Gaudiosa

Luisa anakusalimu. Anasema uoe.


Dar es Salaam
22 Februari 2004

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisoma kazini, nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakageuka.

Mle ndani hakuna mtu. Kuna maandishi tu, niliyoyaandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Meseji ikiingia, kipande kimoja cha programu kinatazama neno la kwanza. Likiwa UZAZI, kinaipeleka kwa dereva na kwa mkunga wa zamu. Likiwa DAWA, kinaipeleka stoo. Neno lipi liende wapi nimeliandika pembeni, kwenye faili la mipangilio, ili dereva akibadilisha namba yake nibadilishe mstari mmoja, nisivunje nyumba nzima.

Unauliza kama itafika. Unakumbuka ulivyotufundisha kwaya? Hukutuacha tuimbe pamoja mpaka kila mmoja amesimama mbele akaimba sauti yake peke yake, nawe unagonga meza kwa kijiti. Nami nafanya hivyo hivyo. Nachukua kipande kimoja, nakitenga, nakipa meseji ya kubuni pasipo simu wala mtandao, kisha nauliza: umeipeleka wapi? Kikijibu sawa, mstari wa kijani unatokea kwenye kioo. Kikikosea, mwekundu.

Wewe umenitia mstari mwekundu siku nyingi, Shangazi. Nilijiuliza utaanzaje meseji. Nikaandika: "Tumsifu Yesu Kristo daktari, habari za huko, sisi wazima, UZAZI." Programu ikaitupa, haijui "Tumsifu" ni ugonjwa gani. Sasa nimeifundisha kuruka salamu, za kanisani na za msikitini.

Jambo jingine ni mwangwi. Mtandao ukiwa dhaifu, meseji moja hufika mara mbili, mara tatu. Dereva aliwahi kushuka ziwani mara mbili kwa mgonjwa yule yule, akatupigia simu kututukana. Nimeweka kichujio. Meseji ikitoka namba ile ile, na neno la kwanza ni lile lile, ndani ya saa moja, ya pili inatupwa. Sitazami maneno yanayofuata, kwa sababu mwangwi mara nyingine hufika umekatika mkia. Nimekijaribu kila upande. Kijani kitupu.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba itafika. Ila niandikie mnavyotuma hasa: simu inakaa wapi, nani anaishika. Nisichokijua siwezi kukijaribu.

Mwanao,
Isidori

Mwambie Luisa nitaoa akinitafutia.


Mbaha
14 Machi 2004

Baba yangu Isidori,

Amani ya Bwana iwe nawe. Barua hii naiandika bila kujua itaondoka lini. Barabara ya kupanda mlima imekatika, basi haliji, na meli imepita jana nikiwa na mgonjwa mkononi.

Jibu lako nimelisoma mara nyingi. Hilo la kwaya limeniingia. Luisa amesema kama mashine inajaribiwa kama ulivyojaribiwa wewe sauti ya tatu, basi Mungu atusaidie.

Umeuliza tunatumaje. Simu inakaa kwangu, lakini hapa zahanati haishiki. Ikishika inashika mtandao wa Malawi, inatukaribisha kwa Kiingereza. Anayetuma ni Kilian, yule aliyekuwa akichonga mitumbwi. Juu ya kijiji pana mwamba, ukisimama upande wa ziwa mtandao unakuja. Tunamwandikia kwenye karatasi, anapanda, anatuma, anashuka kutuambia. Na si sisi tu. Kijiji jirani cha Ngumbo simu yao iliingia maji, kwa hiyo nao huleta karatasi zao kwa baiskeli, Kilian anapanda nazo zote pamoja na kuzituma moja baada ya nyingine. Huko juu hakupandwi kila dakika, jiwe lina utelezi. Anajiita posta isiyo na stempu. Juzi nilimwambia asimame vizuri asije akaanguka na simu, akaniuliza, "Mama Luisa, unaililia simu au unanililia mimi?"

Hilo la mwangwi nalo limetuchekesha. Kilian amesema mwamba wake una mwangwi tangu enzi za babu, na hakuna aliyewahi kuuchuja.

Luisa amekuwa mzito, miguu imevimba. Mimi naosha vyombo vilivyooshwa. Nikisikia ngurumo nadhani ni gari. Nasali rozari, nikifika katikati nasahau niko fumbo la ngapi, naanza upya. Mama Maria anisamehe, ananisikia nikirudia maneno kama mtoto.

Shangazi yako,
Gaudiosa

Luisa anakusalimu. Mchumba amempata, ila ni mrefu kukuzidi.


Dar es Salaam
29 Machi 2004

Shikamoo Shangazi,

Sijapata jibu lako, nasikia barabara imekatika. Naandika haraka, kuna mtu wa kwetu anasafiri kesho.

Habari ni njema. Nimepitia kumbukumbu za mashine. Meseji kutoka simu ya Mbaha zinaingia vizuri. Ila mtandao wenu ni mbovu kuliko wote, maana mwangwi unaotoka kwenu unashinda wa zahanati nyingine zote. Kama si kile kichujio, dereva angeshaacha kazi.

Pasaka nitashindwa kuja. Mkuu wangu ameahidi wafadhili kwamba wilaya nyingine itaunganishwa. Nitawaombea, ingawa unajua sala zangu.

Mwanao,
Isidori


Mbaha
13 Aprili 2004

Isidori,

Pasaka imepita.

Jumamosi Kuu asubuhi wanawake wawili walishikwa na uchungu pamoja. Mmoja ni Ephrasia, wa Ngumbo, mtoto alikuwa amelala vibaya. Mwingine ni mama mmoja wa hapa, alianza kutoka damu. Hakuna kati yao aliyekuwa wa kuzalishwa zahanati. Kilian alipanda na karatasi zote mbili mvua ikimpiga. Alishuka akasema zimekwenda.

Barabara ilikuwa imeshafunguka. Gari liliteremkia Ngumbo, likampakia Ephrasia, likarudi mlimani. Kwetu halikuja. Kwanza tulisema linamshusha mmoja ndipo lirudi. Halafu tukasema limekwama kwenye tope. Jua lilipopinduka tuliacha kusema. Tulimlaza yule mama kwenye machela, wanaume wa jumuiya wakambeba kwa zamu kuupanda mlima.

Dereva ameapa kwa mama yake mzazi kwamba alipata meseji moja tu, ya Ngumbo. Kilian ameonyesha simu: zimekwenda mbili. Lakini watu hawajui kuisoma simu, wanajua kusema. Wako wanaosema alisahau moja akaituma baadaye ili kujiponya. Wako wanaosema watu wa Ngumbo walimpa kitu. Kilian hali chakula. Jumapili ya Pasaka alikaa nje ya mlango wa kanisa kama mtu aliyetengwa, na hakuna aliyemwambia aingie.

Ephrasia amejifungua mtoto wa kiume, ni mzima. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na nasema kweli.

Nina swali moja. Mashine yako inachagua?

Gaudiosa


Dar es Salaam
27 Aprili 2004

Shikamoo Shangazi,

Leo nimepokea barua zako mbili kwa pamoja, ya Machi na ya Aprili. Nimezisoma nimesimama posta. Ya Machi ndiyo iliyonikalisha chini.

Nilirudi ofisini, nikaandika jaribio nililopaswa kuliandika mwezi wa pili. Simu moja. Meseji mbili zimefuatana. UZAZI NGUMBO. UZAZI MBAHA. Nikauliza: zote mbili zimefika kwa dereva? Mstari ukawa mwekundu.

Haichagui, Shangazi. Mimi ndiye niliyeiambia kwamba namba ile ile na neno lile lile ni mwangwi. Meseji ya yule mama ilifika salama kutoka kwenye mwamba mpaka hapa, na hapa ikatupwa. Na ule mwangwi mwingi wa Mbaha niliokuandikia, haukuwa mwangwi. Nimeufungua mmoja mmoja. Zilikuwa karatasi za Ngumbo na zenu. Nyingi ni maombi ya dawa, hazikuua mtu. Nilizitazama mwezi mzima nikaulaumu mtandao.

Nilikijaribu kichujio kwa mtu wa Dar es Salaam, mwenye simu yake mfukoni mwake. Na mimi nimekulia kwako. Nimetumwa kuazima kinu, jembe, ungo, nikakuta kimeshaazimwa na nyumba nyingine, nikakifuata huko. Nilijua huko chombo kimoja ni cha kaya ngapi. Sikufikiri kwamba simu nayo ni chombo.

Sasa programu inatazama mahali pia, na ikiwa na shaka inapeleka. Heri dereva atukane.

Barua hii isomwe mbele ya jumuiya, na Kilian awepo. Isemwe hivi: Kilian alituma mbili, mbili zilifika, moja niliitupa mimi, Isidori. Mkuu wangu anataka tusiandike chochote mpaka mwanasheria apitie. Nimeandika.

Nimeipigia simu ya zahanati, haipatikani. Shangazi, barua zako zote huwa na salamu za Luisa chini. Ya mwisho haina. Na umeniita kwa jina tupu. Yule mama mmoja ni nani?

Isidori


Mbaha
16 Mei 2004

Baba yangu Isidori,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako ilisomwa na katekista baada ya ibada. Ilipofika pale kwenye jina la Kilian, mwenyewe alisimama akaomba pasomwe tena. Pakasomwa tena. Akauliza, "Mmesikia?" Akaenda nyumbani, mkewe ananiambia alikula ugali mpaka yeye mkewe akaogopa.

Ni Luisa. Yuko hai. Alikaa hospitali mpaka damu ikarudi, sasa yuko hapa, anakaa kwenye mkeka akitazama ziwa.

Mtoto alizaliwa njiani. Tulikuwa tumefika mashamba ya kahawa yanapoanza, mvua imezidi, tukaingia kwenye banda la kukobolea la mtu tusiyemjua. Msichana. Alipumua, baba, nilimsikia. Nikakinga maji ya mvua yaliyokuwa yakichuruzika kwenye bati, nikambatiza Margareta. Wanaume walivua kofia kwenye mvua. Kisha akanyamaza.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka unijibu kama fundi. Ningekuandikia ni Luisa, ungelia, na mtu anayelia hajibu swali. Na kukukasirikia nilikukasirikia, hilo sikufichi. Lakini nina langu.

Kilian alisimama mlangoni na karatasi mbili mkononi. Akaniuliza, "Mama Luisa, nianze na ipi?" Nikamwambia aanze na ya Ngumbo. Nilisema moyoni, mgeni kwanza, watu wasije wakasema mhudumu ametanguliza mwanawe. Wewe uliitupa ya pili. Aliyeifanya iwe ya pili ni mimi. Nimekwenda kwa padre. Amesema kumtanguliza mgeni si dhambi. Najua si dhambi. Bado nafagia uwanja uliofagiwa, nikimaliza naanza tena.

Luisa nilimwambia, sikuweza kukaa nalo. Akasema, "Ungenitanguliza mimi, leo Ephrasia ndiye angekuwa anakaa hivi, na wewe Ngumbo usingepita tena." Akageukia ukutani. Sijui kama ni kunisamehe au ni kuchoka.

Sasa nakuuliza. Lile jaribio lako lililokuwa jekundu, lina jina? Kama halijapewa, lipe la mjukuu wangu. Kaburi lake ni dogo na liko mbali, kwenye shamba la watu. Ningependa awe na mahali pengine anapotajwa.

Shangazi yako,
Gaudiosa


Dar es Salaam
1 Juni 2004

Shikamoo Shangazi,

Maneno ya pole nikiyatafuta yanakuwa ya kunifariji mimi, si wewe. Nijibu ulichoniuliza.

Jaribio lilikuwa na jina la kiofisi. Nimelibadilisha. Chombo tunachojaribia kinadai lianze na neno test, yaani jaribio, mengine ni ya mwandishi. Linaitwa testMargareta. Tangu leo mtu yeyote akigusa programu, hata akibadilisha namba ya dereva tu, majaribio yote yanaendeshwa kwanza, na hilo linatangulia. Likiwa jekundu, kazi yake haiendi popote. Kijana aliyekuja mwezi huu ameniuliza Margareta ni nani. Nimemweleza. Baadaye nimemwona akilisoma tena.

Mkuu amenipa onyo. Kazi bado ninayo, sijui mpaka lini.

Mle ndani, Shangazi, kila siku Kilian anapanda mwamba na karatasi mbili, na kila siku zote mbili zinafika.

Mwanao,
Isidori


Mbaha
22 Agosti 2004

Baba yangu Isidori,

Tumsifu Yesu Kristo. Kahawa imeanza kushuka mlimani, wanunuzi binafsi wanagombana barabarani kila mtu na mzani wake, na vumbi limechukua nafasi ya tope.

Alhamisi ilitokea tena. Karatasi ya Ngumbo iliingia kwa baiskeli, na mimi nina Aurelia hapa ndani, miguu ya mtoto inatangulia. Kilian akasimama mlangoni pale pale. Akaniangalia. "Mama Luisa, nianze na ipi?"

Sikuweza kujibu, baba.

Akazikunja zote mbili, akazichanganya mikononi kama mtu wa karata. "Basi hata mimi sijui," akasema, akapanda.

Nilifagia uwanja. Nilianza rozari, nikapotea. Nilikwenda barabarani, nikarudi, nikaenda. Aurelia alikuwa akiniuliza kila nikiingia, nami namwambia linakuja, huku najisikia mwongo. Halafu nikasikia gari. Nilidhani ni la kahawa. Likakata kona ya kwetu.

Dereva alikuwa ameshapita Ngumbo, mama wa huko amelala nyuma. Alishuka ananung'unika. "Simu imelia mara mbili kwa mfululizo, UZAZI na UZAZI. Nikasema ule mwangwi wenu umerudi."

Nikamwambia, "Si mwangwi, baba. Ni watu wawili."

Aliyemsaidia Aurelia kupanda ni Luisa. Sikumwita. Alitoka kwenye mkeka wake, akamshika kiuno, akamtandikia kanga yake mwenyewe kwenye kiti, akasimama barabarani mpaka vumbi likatulia. Aliporudi alinikuta na ufagio. Akaninyang'anya, akasema, "Mama, uwanja ni safi."

Wote wanne wazima, tumesikia jana.

Shangazi yako,
Gaudiosa

Luisa anakusalimu.